Sauti Iliyotolewa Hofu

Kabla hawajaichukua sauti yake, Mama Pacha alikuwa na vitu viwili vya kujivunia pale kituo cha afya: dekio lake, ambalo hakuna mwingine aliyethubutu kuligusa, na namna alivyoweza kusema neno moja ukumbi mzima ukatulia. Akisema, "Sakafu mbichi," hata mlevi aliyeletwa na polisi alisimama mlangoni akavua viatu. Hakuwa anapiga kelele. Alisema kama mtu aliyekwisha kuona mwenzake akianguka.

Alidekia pale miaka kumi na moja. Shule hakuwahi kuiona kwa ndani. Siku wenzake walipopelekwa kuandikishwa, yeye aliachiwa mdogo wake ambebe, na tangu siku hiyo mgongo wake haukupata likizo. Akaolewa na fundi seremala, akazaa mabinti wawili kwa mpigo, akawalea, wakaolewa mbali. Akabaki na Fundi, dekio na ndoo.

Ndoo hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Chumba cha kusafishia vidonda kilikuwa zamu yake kila asubuhi, na bandeji zote zilizotolewa miguuni mwa watu zilipita mikononi mwake kwenda kuchomwa. Madaktari walihamishwa, manesi wakahamishwa, yeye akabaki na harufu. Alijua kidonda kitakachofunga na kidonda kitakachoondoka na kidole. Alikuwa anasimama mlangoni, anavuta pumzi moja, kisha anamnong'oneza nesi mkuu, "Yule aliyekaa dirishani, mtazame vizuri leo." Na nesi mkuu alimtazama. Hakuwahi kumuuliza amejuaje.

Ndipo akaja binti wa kompyuta.

Alikuwa msichana mpole, msafi, amevaa vidude vikubwa masikioni kama mtu anayeogopa baridi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza simu ya kuzungumza na wagonjwa wa kisukari majumbani kwao. Simu ingempigia mgonjwa kila asubuhi, imuulize ameamkaje, amemeza dawa, miguu ikoje. Mgonjwa angejibu kwa mdomo, mashine ingemsikia na kumjibu. Ilihitaji sauti ya mwanamke, alisema, kwa sababu watu wanapenda kuhudumiwa na mwanamke. Akawapima manesi wote. Mmoja alikuwa na sauti ya puani, mwingine alisoma kama anasoma risala. Siku ya tatu akamkuta Mama Pacha kwenye korido, amechuchumaa mbele ya bibi mmoja anayelia, anamwambia, "Tulia mama, hapa umefika, hakuna wa kukutupa."

"Huyo," binti akasema. "Nimempata."

Wakaingia stoo ya magodoro, wakatundika mablanketi ukutani ili mwangwi usiingie. Mama Pacha akaketi mbele ya kinasa sauti, mikono mapajani kama bibi harusi.

"Mimi sijui kusoma, mwanangu."

"Usijali, mama. Mimi nasema, wewe unarudia. Jambo moja tu: utabasamu."

"Nitabasamu nani ananiona?"

"Ukitabasamu inasikika."

Basi akatabasamu. Habari za asubuhi akatabasamu, umemeza dawa akatabasamu, samahani sikukusikia akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Mambo yalikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye sentensi ya kidonda. Binti akaisema: "Kidonda kikibadilika rangi, au kikianza kunuka, njoo kituoni leo."

Mama Pacha akaisema. Aliisema na ndoo ndani yake. Aliisema na yule mwalimu aliyekuja anachechemea akaondoka kwenye kiti cha magurudumu, na mama wa shambani aliyedhani ni fungusi tu. 

Binti akavua vidude vyake. "Mama, unawatisha."

"Si ndiyo maana yake?"

"Dada hatakiwi kutisha." Mashine walikuwa wameipa jina hilo, Dada. "Dada anasaidia, hagombezi. Watu wakigombezwa wanakata simu. Rudia, laini kidogo."

Akarudia. Laini zaidi. Akarudia. Tabasamu, mama. Mara ya tisa alisikia koo limekauka, akapewa maji. Mara ya kumi na nne binti akapiga makofi. "Hiyo hiyo! Hofu yote imetoka."

Mama Pacha akacheka naye, maana msichana alikuwa amefurahi sana. Alirudi kwenye dekio lake akijiona mtu.

Wiki hiyohiyo wakamrekodi mwanamume pia. Wakubwa walitaka kupima: nusu ya wagonjwa wapigiwe na sauti ya kike, nusu na ya kiume, ionekane ipi inaaminiwa. Wakamchukua dereva wa gari la wagonjwa, ambaye kila mtu alimwita Honi. Honi alikuwa na sauti inayotoka chini kama mtu anayeongea ndani ya pipa, na moyo wa kifaranga. Akiona sindano, anageukia ukuta. Miaka yote hiyo hakuwahi kutazama kilicholala nyuma ya gari lake. Yeye hakuambiwa atabasamu. Aliambiwa aongee kama mtu anayejua. Sentensi ya kidonda aliisema mara moja, wakamwambia inatosha, akaenda kunywa chai. Mashine yake haikuitwa Kaka. Iliitwa Mshauri.

Kadi za wagonjwa zikagawanywa: moja kwa Dada, inayofuata kwa Mshauri, hivyohivyo mpaka mwisho. Kadi ya Fundi, mumewe Mama Pacha, ikaangukia kwa Dada.

Baada ya mwezi mji mzima ulikuwa unamjua Dada. Kwenye benchi la kusubiria wanaume walikuwa wanasimuliana.

"Mimi jana nimemuuliza kama ameolewa."

"Akasemaje?"

"Ati, 'Samahani, sikukusikia vizuri.' Anaringa!"

"Mimi namtukana kwanza, ndiyo nasema hali yangu. Hakasiriki yule. Mke angekuwa hivyo!"

Wakacheka, na Mama Pacha akapitisha dekio chini ya miguu yao. Aliyemtukana alinyanyua miguu bila kumtazama.

Sasa Fundi. Fundi hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa, kwa sababu mtu mbaya unamkimbia. Alikuwa mtu wa utani, mwenye mikono ya dhahabu, asiyejua kwamba kusikilizwa ni kitu ambacho hata mwanamke anakihitaji. Kwa miaka ishirini na sita mkewe akimwambia mvua inakuja, anatoka nje kuangalia mwenyewe. Kisukari alikuwa nacho mwaka wa saba. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, akikanyaga kokoto hajui.

Siku moja karakanani akakanyaga msumari, ukapita kandambili ukaingia chini ya dole gumba. Hakuhisi kitu. Mkewe ndiye aliyeona damu sakafuni pao na kufuata alama mpaka alipoketi.

"Baba Pacha, mguu wako."

"Una nini?"

"Una tundu."

Akaukunja akautazama. "Ah, hiki? Kitakauka."

Hakikukauka. Siku ya nne alikuwa anaketi na soksi ndani ya nyumba, kwenye joto lile. Siku ya sita Mama Pacha alifungua mlango akitoka kazini, na ile harufu ya ndoo ikampokea nyumbani kwake.  Alisimama palepale na mkoba begani.

"Vua soksi."

"Salamu kwanza."

"Baba Pacha, vua soksi. Nanusa."

"Unanusa kazi yako, umekuja nayo kwenye nguo."

Alipiga magoti akaivua mwenyewe. Pembeni mwa kidonda kulikuwa kweusi, na weusi ulikuwa umeshapanda kwenye unyayo. Akamwambia waende sasa hivi, palepale, gari atalitafuta. Fundi akasema ana kabati la watu la kumaliza. Akamlilia. Fundi akasema, "Ukianza kulia ndiyo sikusikii kabisa." Akamtaja yule mwalimu wa kiti cha magurudumu. Fundi akamuuliza tangu lini mfagiaji akawa daktari.

Asubuhi yake simu ya Fundi ikaita. Alikuwa anakunywa chai, akaiweka sauti kubwa ili mkono ubaki na kikombe. Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni amejifunga kanga ya kazi.

"Habari za asubuhi, baba," ikasema sauti yake mwenyewe, na tabasamu lake lote. "Miguu yako ikoje leo?"

"Safi kabisa, mpenzi," Fundi akasema, akamkonyeza mkewe.

"Muongo!" Mama Pacha akapiga kelele kuelekea kwenye simu. "Kinanuka! Kimekuwa cheusi!"

Simu ikasita kidogo. "Samahani, sikukusikia vizuri. Miguu yako ikoje leo?"

"Safi, nimesema."

"Hongera, baba! Nimefurahi sana. Kumbuka, kidonda kikibadilika rangi, au kikianza kunuka, njoo kituoni leo. Uwe na siku njema."

Ilisema kama mtu anayekukaribisha keki. Fundi akamaliza chai yake. "Umesikia? Wewe wa kwenye simu una adabu kuliko wewe wa humu ndani. Yeye amefurahi."

Mama Pacha alitamani kuivunja ile simu. Mara kumi na nne. Alikumbuka maji aliyopewa, na makofi.

Jirani yao wa karakanani alikuwa fundi viatu, naye mgonjwa wa kisukari, kadi yake kwa Mshauri. Akipigiwa, alisimama. Alikuwa anaweka chini nyundo, anavuta shati, na kusema, "Ndiyo, mkuu. Ndiyo, mkuu." Mshauri alimwambia kuhusu miguu, akaenda kituoni mchana uleule na lengelenge dogo kama punje ya mtama. Fundi alicheka sana, lakini alimsikiliza Mshauri kwenye simu ya jirani yake akiwa ameacha randa katikati ya ubao. "Yule bwana anaonekana msomi," alimwambia mkewe. "Hapotezi maneno."

Hapo akili ikamjia Mama Pacha. Alimfuata binti wa kompyuta ofisini, na dekio mkononi.

"Mwanangu, mhamishe mume wangu. Mpeleke kwa Mshauri."

"Haiwezekani, mama. Kadi zimeshagawanywa. Nikihamisha mtu mmoja kwa kujuana, kipimo chote kinaharibika."

"Mguu wake unaoza."

"Mlete basi."

"Angekuwa ananisikia ningekuja kwako?"

Binti akainamisha macho. Hakuwa na roho mbaya, huyo naye. "Siyo mimi, mama. Mimi mwenyewe nikiongea kwenye kikao hawasikii mpaka bosi arudie. Watu ndivyo walivyo. Bado wiki tatu, kipimo kitaisha, tutabadilisha."

"Wiki tatu," Mama Pacha akasema. Aliujua ule weusi unatembea kiasi gani kwa wiki tatu. Alimwendea nesi mkuu, ambaye alimwamini kama siku zote na kujipangia kwenda mwenyewe nyumbani kwao jioni baada ya zamu. Akaenda. Fundi alimpokea kwa heshima zote, akamwekea kiti, akaficha mguu chini ya meza, akamwambia kwamba mkewe amekuza mambo. Nesi akaomba aone. Fundi akasema hamvulii soksi mwanamke wa watu. Akamsindikiza mpaka njiani, akitembea wima kwa ukaidi.

Kesho yake Mama Pacha akamkuta Honi anaosha gari.

"Honi, una simu?"

"Ninayo. Nani amekufa?"

"Bado. Nataka umpigie mume wangu. Ujifanye mashine."

Honi akazima bomba. "Mama Pacha, mimi naogopa kufukuzwa."

"Na mimi naogopa kufiwa. Piga."

Fundi hakuwa na tabia ya kutazama namba. Wakajibanza nyuma ya gari, Honi ameshika simu, Mama Pacha mdomo wake sikioni kwa Honi. Alimpa maneno mojamoja, naye akayatoa kwa ile sauti ya pipa.

"Habari. Mimi ni Mshauri wa kituo cha afya. Mguu wako umekuwa mweusi."

Upande wa pili randa ikaacha kukwangua. Kisha, "Umejuaje, mkuu?"

Honi akamtazama Mama Pacha kwa macho ya kuomba msaada. Mama Pacha akanong'ona, Honi akasema, "Kinanuka. Asubuhi soksi ilishikana na ngozi. Ukikaa mpaka kesho, tutakata vidole. Ukikaa wiki, tutakata goti. Ukipita hapo, mkeo atakuzika. Weka chini hiyo randa. Njoo sasa."

Haikuwa laini. Lilikuwa lile neno la mara ya kwanza, kabla ya ile ya kumi na nne, na Honi alipomaliza kulisema alikuwa amefumba macho.

"Nakuja, mkuu," Fundi akasema.

Alikuja. Alibadilisha shati, akaja kwa pikipiki ya kukodi, akaingia ukumbini akishika ukuta. Mama Pacha alikuwa amesimama na ndoo. Fundi akampita, akasema tu, "Nimeitwa."

Daktari alivua soksi, akavuta pumzi ileile ambayo Mama Pacha aliijua, akafunga mlango. Kama angekuja siku tano nyuma, alisema baadaye, wangekata kidole tu. Siku tano nyuma ndiyo ile asubuhi Dada alipompa hongera. Wakakata chini ya goti. Bandeji zikashuka kwenye ndoo, na aliyezichukua kwenda kuzichoma ni yuleyule wa kila siku. Nesi mkuu alitaka kumpokea ndoo. Alikataa. Aliona ni haki yake kuibeba.

Kipimo kikaisha. Wakakutana ukumbini, wakubwa kwa wadogo, na binti wa kompyuta akaonyesha michoro ukutani. Wagonjwa walimwambia Dada siri nyingi kuliko Mshauri, akasema, na walimpenda zaidi. Lakini Mshauri akisema njoo, walikuja. Kwa hiyo kuanzia sasa Dada atasalimia, ataomba radhi na kuelekeza, na penye onyo atazungumza Mshauri. Watu wakapiga makofi. Honi akashikwa mkono na mganga mkuu. Aliangalia viatu vyake muda wote, na jioni ile alipita stoo ya madekio, alimokuwa Mama Pacha, bila kuingia.

Mama Pacha akaitwa tena kwenye magodoro. Kulikuwa na sentensi moja mpya: "Tafadhali subiri kidogo, nakuunganisha na Mshauri."

"Tabasamu, mama," binti akasema, taratibu safari hii.

Akatabasamu. Ilitoka mara ya kwanza.

Nyumbani Fundi alikuwa anaketi kitandani, mguu mmoja umenyooka na mwingine umeishia kwenye mto. Wageni walikuja, na kila mgeni alisimuliwa. "Yule bwana aliona mguu wangu kwenye simu! Hajawahi kuniona hata sura! Angechelewa siku moja, sasa hivi mngekuwa mnanililia. Kuna watu wamesoma jamani." Wageni walitikisa vichwa. Mama Pacha aliwapa maji ya kunywa.

Siku moja, wageni walipoondoka, alishindwa kuvumilia. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba Pacha, ile simu nilikupigia mimi."

"Ipi?"

"Ya Mshauri. Yule ni Honi, dereva. Maneno yote yalikuwa yangu. Soksi ilivyoshikana, nani mwingine aliiona? Tulikuwa nyuma ya gari, mimi namwambia, yeye anasema."

 Fundi akacheka, kicheko cha huruma, akampigapiga mkono. "Mke wangu. Wivu mpaka kwa simu? Najua ulihangaika. Lakini maneno kama yale hukuwa nayo wewe. Ungekuwa nayo, si ningekusikia?"

Alikuwa hadanganyi. Hilo ndilo alilobaki nalo Mama Pacha, kwamba mtu huyu hakuwa anadanganya. Aliinuka kuchukua beseni, akamwosha ule mguu mmoja uliobaki kama alivyoagizwa na nesi, kisigino, unyayo, katikati ya vidole. Pale chini ya kidole kidogo cha mguu, mkono wake ukagusa kitu laini. Akainamisha kichwa. Lengelenge, na pembezoni mwake rangi imeanza kugeuka.

"Vipi?" Fundi akauliza.

Alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo yote, na hofu yake ndani. Akaufunga.

"Hakuna," akasema. "Ngoja nikamwage maji."

Akatoka na beseni mpaka nyuma ya nyumba, akaliweka chini, akafuta mikono kwenye kanga, akatoa simu. Honi alichukua muda kupokea.

"Mama Pacha. Niseme nini leo?"

Akamwambia. Neno kwa neno, tena mara mbili ili asikosee. Kisha akasimama palepale ukutani, chini ya dirisha, akasubiri. Ndani simu ikaita. Akasikia kitanda kikilia, mtu anajikokota kukaa wima.

"Ndiyo, mkuu," mumewe akasema. "Ndiyo. Nakusikia vizuri sana."